ANTENE NI NYINGI, LAKINI ADRESI ZIMEKWISHA



Kila siku hapa masomoni tunasikia neno hili: "Rezo iko, lakini koneksio haiko." Mutu akisema vile, wote wanaanza kulaumu antene: antene iko mbali, antene imejaa, antene haina umeme. Ni kweli, antene ina makosa yake, na tutayaeleza. Lakini kuna jambo lingine lenye halisemwi sana, nalo njo adresi.

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe. Vijana wanne wa kalasi ya 3 ya humanite walikuwa wanasoma habari za muji wetu katika kitabu kikubwa cha maarifa cha intaneti, kile chenye kila mutu anaweza kukisahihisha. Wakaona mwaka mumoja umeandikwa vibaya. Sisi wote tunajua kama Élisabethville iliitwa Lubumbashi mwaka 1966. Basi wakagusa mahali pa kusahihisha. Jibu likatoka: adresi yenu imefungwa juu ya matendo mabaya.

Kijana mwenye telefone akashituka. "Mimi? Sijaandika mo hata neno moja!" Mwenzake akamujibu: "Labda mutu alikuibia nimero." Hapana, hakuna aliyeiba kitu. Kijana ule aliazibiwa kwa kosa la mutu mwingine asiyemujua hata kwa sura, kwa sababu yeye na mutu ule, pamoja na wengine wengi, walikuwa wanatumia adresi moja.

Namna gani watu wengi wanaweza kuwa na adresi moja? Na kesho, wakati wifi mpya na antene mpya zitakapofika, tutakuwa vile tu? Njo maneno tunayotaka kuwaeleza.

1. ADRESI NI NINI?

Kila kitu kinachoingia mu intaneti kinahitaji adresi, ao anwani kama vitabu vya Kiswahili vinavyosema. Unapofungua ukurasa, telefone yako inatuma barua ndogo: "Nipe ukurasa fulani." Mashini ya mbali inasoma na kujibu. Lakini itapeleka jibu wapi, kama haijui unakokaa? Mutu anayetuma barua bila kuandika anakokaa asingojee jibu.

Wengi wanachanganya adresi hii na nimero zingine. Tuzitenganishe:

a) Nimero ya kuita, ile inayoanza na 243 kwa inchi yetu. Hiyo inafuata karte SIM.

b) Nimero ya mashini yenyewe, tarakimu 15, inayoitwa IMEI. Andika *#06# kwa telefone yako, utaiona. Wazazi wetu wanaikumbuka vizuri juu ya kodi ya RAM. Kodi hiyo ilianza mwezi wa 9 mwaka 2020, unite zikakatwa kwa kila telefone, watu wakanungunika mpaka serikali ikaiondoa mwaka 2022.

c) Adresi ya intaneti, inayoitwa adresi IP. Hiyo si ya karte wala ya mashini. Ni ya koneksio. Ukitoka kwa wifi ya masomo na kurudi kwa mega zako mwenyewe, nimero za (a) na (b) zinabaki zilezile, lakini adresi IP inabadilika, sawa mutu anayehama parseli.

Na majina je, yale yanayomalizika na .cd? Majina yaliwekwa kwa ajili ya wanadamu, juu wanadamu wanasahau nimero. Mashini inatafuta kwanza jina lina nimero gani, kisha inatumia nimero. Bila nimero, jina ni kibao tu kilichopachikwa porini.

2. KWA NINI ZILIKWISHA?

Adresi zenye tunatumia sana mpaka leo ni za namna ya nne, zinaitwa IPv4. Sheria yake ilitolewa mwezi wa 9 mwaka 1981. Ni nimero nne zilizotengwa na nukta, kila moja toka 0 mpaka 255, mufano 192.168.1.10. Wanafunzi wa hesabu watapata upesi: 256 × 256 × 256 × 256 = 4,294,967,296.

Miliari nne na kidogo. Katika mwaka 1977, wakati Vint Cerf na wenzake wa Marekani walipochagua ukubwa huo, ordinatere ilikuwa kitu cha vyuo vikuu na cha jeshi, na rezo yao ilikuwa ya kujaribu tu. Nyuma ya miaka mingi Cerf mwenyewe alieleza kama alifikiri jaribio likifaulu watatengeneza lingine, la kweli. Lakini jaribio halikwisha. Lilitoka mu nyumba ya majaribio, likaenea dunia yote. Mwezi wa 11 mwaka 2022 watu wa dunia walifika miliari 8. Hata tungempa kila mutu adresi moja tu, nusu yao wangekosa. Na mutu wa leo ana telefone, ordinatere, labda na televizio, zote zinadai adresi.

Tena mwanzoni waligawanya bila kupima. Masomo moja ya Marekani, MIT, ilipata adresi 16,777,216, maana yake kipande kimoja juu ya 256 cha adresi zote za dunia. Mwaka 2017 MIT ilitangaza kama milioni 14 kati ya hizo hazikutumiwa, ikaanza kuuza sehemu yake. Aliyefika mapema sokoni alijaza kikapu. Aliyechelewa alikuta meza tupu.

Tarehe 3 mwezi wa 2 mwaka 2011 gala kubwa la dunia lilikwisha. Vipande vitano vya mwisho vilipewa ofisi tano, kimoja kwa kila sehemu ya dunia. Ofisi ya Afrika inaitwa AFRINIC; iko Ebene, inchi ya Mauritius, na ilitambuliwa mwaka 2005. Kwa kuwa Afrika ilichelewa kuingia mu intaneti, gala letu lilikawia kuisha. Lakini tangu tarehe 13 mwezi wa 1 mwaka 2020, AFRINIC haitoi zaidi ya adresi 1,024 kwa kila ombi. Kampuni yenye wateja milioni itafanya nini na 1,024?

Kitu kikipunguka, ugomvi hauko mbali. Kuanzia mwaka 2021 AFRINIC iliingia mu makesi mengi kule Mauritius. Mwezi wa 9 mwaka 2023 mahakama ikaweka musimamizi, na ni mwaka 2025 tu wanachama walichagua tena bodi mpya. Munaona namna nimero tupu, zisizoshikika kwa mukono, zimekuwa mali ya kugombania sawa shamba.

3. B.P. MOJA KWA WATU WENGI

Sasa, kama adresi zilikwisha tangu 2011, kwa nini telefone mpya inayouzwa leo mu Kamalondo inaingia mu intaneti bila shida? Waulizeni wazee habari za sanduku la posta.

Zamani misioni moja ilikuwa na B.P. moja. Mwalimu, mwanafunzi, muganga wa hospitali, wote waliandikiwa kwa B.P. hiyo. Barua zikifika, sekretere anasoma jina na kupelekea kila mutu yake. Inje hawakujua kama ndani mko watu kumi ao mia tano, waliona B.P. moja tu.

Kisanduku cha wifi chenye munaona ukutani, rutere, njo sekretere ule. Kina daftari yake. Ordinatere ya bibliotheki ikituma barua, rutere inaandika: hii ni ya mulango 40,001. Telefone ya mwalimu ikituma: hii ni ya mulango 40,002. Jibu likirudi na nimero 40,002, linaenda kwa mwalimu. Kila adresi moja ina milango 65,536 ya namna hiyo.

Ndani ya nyumba, rutere inagawa adresi za ndani, zile zinazoanza na 10 ao na 192.168. Toka mwaka 1996 kuna sheria kama kila mutu anaweza kuzitumia kwake, lakini hazitembei inje. Ni kama vile kila masomo ya Lubumbashi iko na kalasi ya 1 A. Ndani ya lupango kila mutu anaelewa. Lakini ukiandika juu ya barua "Kalasi ya 1 A" tu, posta itaipeleka wapi?

Mpaka hapa ni vizuri. Lakini kampuni nyingi za telefone, kwa kukosa adresi, zimeweka sekretere wa pili juu ya wa kwanza. Mwaka 2012 walitenga hata adresi maalumu kwa kazi hiyo: zinaanza na 100.64 na kufika 100.127. Hesabu ni nyepesi. Kampuni ikimupa kila mteja milango 1,024, basi 65,536 ÷ 1,024 = 64. Wateja 64 wanaketi mu parseli moja, bila kujuana, wenye nimero moja ya avenyu. Ikipunguza milango, itaingiza balokatere wengi zaidi.

Hasara zake ni tatu.

Ya kwanza ni hukumu ya pamoja. Mulokatere mumoja akitukana watu inje, wenye hasira wanafunga lupango yote. Njo vile ilivyompata kijana wa kalasi ya 3.

Ya pili: tunaweza kuita, lakini hatuwezi kuitwa. Tuseme masomo yetu inapenda kuweka ordinatere moja hapa, yenye vitabu, mazoezi ya Exetat ya miaka iliyopita na gazeti hili letu, ili mwanafunzi aliye nyumbani Katuba ao Kenya aifungue jioni. Ndani ya lupango itafunguka. Kutoka inje, barua ya mwanafunzi itafika kwa sekretere mukubwa wa kampuni, naye atafungua daftari yake na kusema: "Hakuna mutu aliyeniambia kama anangojea barua hii," ataitupa. Juu daftari yake inaandika tu wale walioanza kusema.

Ya tatu ni feza. Ukitaka adresi yako mwenyewe ya namna ya nne, utalipa. Sokoni, mu mwaka 2021, bei ya adresi moja ilipita dola 50. Kampuni ya Amazon, inayokodisha mashini kwa dunia yote, toka tarehe 1 mwezi wa 2 mwaka 2024 inalipisha nusu senti ya dola kwa kila saa ya adresi moja. Inaonekana ni bure. Lakini mwaka una saa 8,760: ni dola 43.80 kwa nimero tu, mbali ya mashini na mbali ya umeme.

4. NA HEWA JE?

Wengine watasema: "Ngojeni, antene mpya zinakuja, mambo yote yatatengenezeka." Tuangalie basi upande wa hewa.

Wifi ya kwanza ilikubaliwa mwaka 1997, mwaka uleule inchi yetu iliacha jina la Zaïre. Ilikuwa na mwendo wa megabiti 2 tu kwa segonde. Wifi ya 6 ilianza kupewa cheti mwaka 2019, na Wifi ya 7 mwezi wa 1 mwaka 2024. Hizo zinapima kwa maelfu ya megabiti. Kwa telefone vilevile: mwaka 2018 kampuni zilipata ruhusa ya 4G inchini kwetu. Na mwezi wa 5 mwaka 2025 ARPTC, ofisi inayosimamia telefone na posta, ilitoa ruhusa kwa Starlink ya kushusha intaneti toka angani.

Lakini hewa ina sheria moja isiyobadilika: ni ya wote, na ni ya kugawanya. Wifi ya kawaida inafanya kazi kama kalasi yenye adabu: kabla ya kusema unasikiliza kwanza kama mwingine hasemi. Wanafunzi 40 wakitaka kusema pamoja, kila mumoja anangojea zamu yake. Njo maana rezo iko, lakini ukurasa haufunguki. Munakumbuka kwa stadi ya TP Mazembe, hapa hapa Kamalondo, yenye kuingiza watu karibu 18,000. Bao likiingia, wote wanatoa telefone kwa kutuma picha kwa wakati mumoja. Nani atapita?

Tena mawimbi hayalingani. Mawimbi ya gigaherzi 2.4 yana urefu wa sentimetre 12 na nusu. Yanapita ukuta wa matofali kwa taabu ndogo, yanafika mbali. Lakini kwa upana wake kuna njia tatu tu zisizogongana: ya 1, ya 6 na ya 11. Mu Kamalondo, kwenye nyumba zimebanana, rutere kumi zikiwa zote kwa njia ya 6 ni kama kwaya kumi katika chumba kimoja, kila moja na wimbo wake. Mawimbi ya gigaherzi 5, urefu wake sentimetre 6, yana njia nyingi na mwendo mukubwa, lakini ukuta unayachosha upesi. Wifi ya 6 ilileta akili mpya: badala ya mutu mumoja kushika njia yote, inaikatakata na kuhudumia watu wengi kwa zamu moja, kama vile motokari moja inayoshusha mizigo ya watu mbalimbali. Wifi ya 7 inaweza kutumia mawimbi ya namna mbili ao tatu kwa pamoja.

Ni maendeleo, tusikatae. Lakini mutazame vizuri: hata Starlink, yenye antene zake ziko angani, kwa desturi inawaweka wateja wa nyumbani mu adresi ya kugawanya kwa upande wa namna ya nne. Antene imepanda juu ya mawingu, adresi imebaki palepale. Na tena kila antene mpya inaleta telefone zingine, nazo zinaomba milango kwa B.P. ileile iliyojaa.

Hapa njo kiini cha maneno yetu. Hewa, wanadamu hawawezi kuiongeza. Wanaweza tu kuigawanya kwa akili zaidi. Lakini adresi ni hesabu tu. Wanadamu walizitunga, wanadamu wanaweza kutunga zingine. Ukosefu wa hewa tutauvumilia. Ukosefu wa adresi hatuna sababu ya kuuvumilia.

5. ADRESI MPYA

Na kweli, zilikwisha kutungwa zamani. Namna ya sita, IPv6, iliandikwa mwezi wa 12 mwaka 1998. Badala ya biti 32, ina biti 128. Msidanganywe na hesabu: biti mara nne si adresi mara nne. Kila biti moja inayoongezwa inazidisha adresi mara mbili, na hapa zimeongezwa biti 96. Idadi yake ni kama 34 ikifuatwa na sifuri 37. Koneksio moja ya nyumba peke yake inapewa kwa kawaida adresi miliari 18 mara miliari.

Zinaandikwa kwa herufi na tarakimu, zikitengwa na nukta mbili mbili, mufano 2001:db8:0:1::25. Ni mbaya kusoma, lakini mashini haichoki.

Kwa adresi hizo, sekretere wa kugawanya hahitajiwi tena. Kila telefone ina nimero yake inayotembea dunia yote. Ofisi ya AFRINIC inazo tele. Kampuni ya intaneti inapewa kwa kawaida kipande kinachoweza kukatwa mafungu 65,536, na fungu moja latosha masomo nzima: kila kalasi na rezo yake, bibliotheki na yake, ofisi ya Bwana Prefe na yake.

Wengine wanaogopa: "Kama kila telefone ina adresi yake, si wezi wataingia?" Ni swali zuri. Sekretere wa B.P. alikuwa anazuia watu wa inje, lakini kwa bahati tu. Kazi yake haikuwa kulinda. Parseli isiyo na lupango inahitaji mulinzi. Kwa namna ya sita lazima rutere iwekewe sheria: zuia yote inayotoka inje, ila ile tumeruhusu. Tena telefone za leo zinabadilisha sehemu ya mwisho ya adresi mara kwa mara, ili mutu asifuate nyayo zako toka mahali mpaka mahali.

6. KWA NINI HATUHAMI UPESI?

Tangu 1998 mpaka leo ni miaka mingi. Kwa nini basi?

Watoto wa wafanyakazi wa gari la moshi wataelewa upesi. Reli zetu za Katanga zina upana wa milimetre 1,067, sawa na zile za Zambia na za TAZARA. Reli ya zamani ya katikati ya Tanzania ina milimetre 1,000. Tofauti ni milimetre 67 tu, lakini gari la moshi halijui "tu". Njo maana kule Kidatu, mahali reli hizo mbili zinakutana, mizigo inashushwa kwa gari moja na kupandishwa kwa lingine.

Namna ya nne na namna ya sita ni reli mbili za upana mbalimbali. Mashini yenye adresi ya sita peke yake haiwezi kusema moja kwa moja na mashini ya nne. Kwa hiyo kampuni inayohamia inalazimika kulaza reli zote mbili kando kwa kando, ao kujenga Kidatu yake ya kupakua na kupakia. Ni feza na ni kazi. Naye mteja haulizi kitu, juu haoni tofauti. Basi mkubwa wa kampuni anasema: "Tungojee wengine waanze."

Lakini wengine walikwisha kuanza. Tarehe 6 mwezi wa 6 mwaka 2012 kampuni kubwa za dunia, kama Google na Facebook, zilifungua namna ya sita na kuiacha wazi. Mwezi wa 9 mwaka 2016 kampuni ya Jio ya India ilianza 4G yake kwa adresi mpya tangu siku ya kwanza, kwa sababu haikuwa na adresi za zamani za kutosha kwa watu wa India. Leo zaidi ya watu saba juu ya kumi kule India wanafika kwa Google na adresi mpya, na kwa dunia yote inakaribia nusu. Mutazame vizuri: wenye kukosa njo waliotangulia. Wenye mali ya zamani hawana haraka. Sisi ni wa upande gani? Sisi ni wa upande wa India, lakini tunangoja kama tuko MIT!

7. SISI TUFANYE NINI?

Wanafunzi wengine watasema: "Hayo ni mambo ya wakubwa wa kampuni." Hapana. Kuna mambo ine ya kufanya, hata na sisi.

Kwanza, jueni adresi yenu. Katika telefone, ingieni mahali pa kurekebisha, tafuteni habari za telefone, kisha hali yake. Mutaona adresi IP. Ikianza na 10, na 192.168, ao na 100.64 mpaka 100.127, uko ndani ya B.P. ya watu wengi. Ukiona pia nyingine ndefu yenye nukta mbili mbili, inayoanza na tarakimu 2, kampuni yako imekwisha kukupa adresi mpya. Fanyeni jaribio hilo kwanza kwa wifi, kisha kwa mega, na muandike matokeo mu daftari ya fizika.

Pili, ulizeni. Kila mara mutu wa masomo ao wa nyumba anakwenda kulipia intaneti, aulize neno moja: "Munatoa IPv6?" Muuzaji labda hatajua. Akiulizwa na watu ishirini, ataenda kumuuliza mukubwa wake.

Tatu, tusinunue vizee. Rutere ya masomo ikifa, ile mpya iwe yenye kukubali namna ya sita, tena yenye mawimbi ya 2.4 na ya 5 pamoja. Tangu sasa tuweke ile ya bibliotheki kwa njia ya 1 na ile ya ofisi kwa njia ya 11, ziache kugongana. Hiyo haiombi hata franka moja.

Ine, wenye kupenda fizika na hesabu wajifunze kazi hii. Hapa Lubumbashi kuna LUBIX, nyumba ya makutano, mahali rezo za inchi zinabadilishana barua zao bila kuzipitisha Bulaya kwanza. Nyumba ya namna hiyo inahitaji watu wanaojua adresi, si watu wanaojua kutazama video tu.

Wale vijana wanne, hadisi yao iliishia wapi? Walifungua daftari lao la jina katika kitabu kile, wakaandika ombi, wakaeleza kama adresi si yao peke yao. Walingojea siku kadhaa. Kisha mulango ukafunguliwa, na mwaka 1966 ukaandikwa mahali pake. Ni vizuri. Lakini ilikuwa lazima waombe ruhusa kwanza, wajitetee kwa kosa wasilolifanya, ili waseme ukweli juu ya muji wao wenyewe.

Wazee wanasema: mugeni siku mbili, siku ya tatu umupe jembe. Katika intaneti tumekuwa wageni miaka mingi: tunakula vyenye wengine wamepika, tunalala kwa adresi ya kugawana. Antene mpya zitatupa macho ya kuona mbali zaidi. Lakini jembe letu ni adresi, ile ya kutuwezesha na sisi kulima, kuweka vitabu vyetu, nyimbo zetu na historia yetu mahali watu watatukuta wakitutafuta. Mugeni asiyeomba jembe asishangae akiitwa mugeni mpaka mwisho.

Kama kuna asiyeelewa, atuulize wakati wa mapumziko, pale mbele ya bibliotheki. Na kama kuna aliyekuta kwa telefone yake adresi yenye nukta mbili mbili, atuletee habari. Tutaiandika katika gazeti linalofuata.

Wanafunzi wa kalasi ya 4 ya humanite, Matematika na Fizika